Mtu wa Kumrudia

Lidia alitia saini kwenye dirisha la vifurushi pale stendi ya Mbinga, akapokea bahasha yake iliyotoka Dar es Salaam, akatoka nayo nje bila kuifungua. Aliibana kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

Victor alikuwa akimsubiri kando ya pikipiki yake, koti amelifunga mpaka kidevuni. Mwezi wa saba baridi ya Mbinga haina adabu, inawaingia hata wenyeji.

"Fungua basi," alisema.

"Fungua wewe. Mimi mikono imekufa ganzi kwa baridi."

"Ya kwangu ina utelezi wa kahawa tangu asubuhi."

"Victor, tafadhali."

Victor akajifuta viganja kwenye suruali, akaichana bahasha taratibu, akatoa paspoti. Alifunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, na Lidia hakuwa akitazama paspoti, alikuwa akimtazama usoni. Aliona kope zikitulia. Aliona shavu la kushoto likianza kukunjamana kabla tabasamu lenyewe halijafika.

"Wamekupa," Victor alisema kwa sauti ya chini. "Lidia, wamekupa."

Akamgeuzia. Viza ilikuwa imebandikwa ukurasa mzima, na picha yake ndani yake, midomo ameikaza kama mshtakiwa. Lidia aliketi pale pale kwenye ukingo wa baraza la ofisi, katikati ya wapiga debe na maganda ya miwa, akalia. Hakuna aliyeshangaa. Stendi watu hulia kila siku. Victor akachuchumaa mbele yake. Hakumgusa, maana Mbinga ni mji mdogo na mama yake Victor alikuwa na macho kila kona, lakini alimtazama kwa yale macho yake ya upole mpaka Lidia akajisikia kama amefunikwa blanketi.

"Sasa utamwona mtoto wako," alimwambia. "Twende nyumbani tukamwambie mama."

Watu wa Mbamba Bay, kwao kando ya ziwa, walimjua Lidia binti Elias kama msichana aliyekwenda Afrika Kusini na kurudi mikono mitupu. Alikwenda mara ya kwanza akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, kusuka nywele Johannesburg. Walimgongea muhuri wa miezi mitatu, akakaa mwaka na nusu. Akatoka, akapumzika kidogo, akaingia tena. Wakamgongea miezi mitatu mingine, safari hii akakaa miaka minne. Huko akakutana na Nicholaus, kijana wa Liuli aliyekuwa na makaratasi yake yote ya ukaazi, wakaishi pamoja, wakazaa binti wakamwita Glorious.

Kisha simu ikapigwa kwamba mama yake amezidiwa. Glorious alikuwa na miaka miwili, na siku hiyo alikuwa na homa. Lidia akamwachia Nicholaus. Alimbusu mtoto kwenye paji la uso lililokuwa likiwaka moto, akamwambia, "Mama anarudi baada ya wiki mbili." Uwanja wa ndege afisa akahesabu siku alizokaa bila ruhusa, akatikisa kichwa, akampa karatasi: asikanyage nchi ile kwa miaka mitano. Alipofika Mbamba Bay, mama yake alikuwa ameshazikwa.

Miaka mitano aliimaliza akipanda na dagaa kutoka ziwani kuja kuuza Mbinga sokoni, huku mwanawe akimwona kwenye simu, kila mwezi mkubwa kidogo, na kila mwezi Kiswahili kikimpotea mdomoni. Ndipo alipotokea huyu Victor Ndunguru, mkulima wa kahawa wa Kitura, aliyekuwa akinunua dagaa wengi kuliko anavyoweza kula mtu asiye na mke. Miezi minne alinunua dagaa. Siku alipofungua mdomo alisema tu, "Dada Lidia, mimi dagaa siwapendi." Lidia alicheka mpaka akashika meza.

Sasa alipanda nyuma ya pikipiki, akamshika kiuno, wakaondoka kwenda Kitura. Njiani Victor alipiga honi kila kona, kama mtu anayerudi na bibi harusi.

Mama Hildegardi alikuwa kwenye vichanja vya kuanikia kahawa nyuma ya nyumba, akichambua punje mbovu. Alikuwa mama mwembamba, mjane, aliyevaa rozari shingoni juu ya sweta mbili.

"Shikamoo, mama," Lidia alipiga goti.

"Marahaba." Vidole vyake havikusimama.

"Mama, viza imetoka," Victor alisema.

"Nimesikia. Honi yako ilianza kuniambia tangu mtoni."

"Lidia atakwenda kumwona mtoto. Wamempa miezi mitatu."

"Miezi mitatu." Mama alitupa punje nyeusi chini. "Na ndoa ni mwezi wa tisa. Padri ameshaandika, na watu wa Mbinga mjini wameshaambiwa."

"Tutaisogeza, mama."

"Ndoa siyo kigoda, mwanangu, kwamba unaisogeza huku na huku kufuata kivuli."

Victor akacheka, akijaribu kuufanya mzaha. Mama hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga, ndipo akamtazama Lidia kwa mara ya kwanza.

"Lidia, mimi sikukupenda mwanzoni, na wewe unajua. Nilisema huyu ni mtu wa ziwani, ni Mwanglikana, ana mtoto nchi za watu. Mwanangu akasema, mama, nimempata. Nikanyamaza. Nikampokea baba yako hapa, tukala naye, nikapiga naye picha. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi Jumamosi ya soko shangazi yako Ephrasia alipita hapa. Nikampa chai. Shangazi yako ana roho nzuri, hana hila. Akaanza kunisimulia wema wa Mungu. Akasema yule bwana wa Dar anayeshughulikia makaratasi alikuambia kwamba kwa makosa yako ya nyuma, usijaribu kufika kule bila viza, na viza huipati mpaka uonyeshe una kitu cha kukurudisha nyumbani. Shamba, au kazi ya ofisini, au mchumba. Akasema mtoto wetu hakuwa na hata kimoja. Na haukupita mwezi, Mungu akamletea Victor." Alirekebisha rozari shingoni. "Akapiga makofi kumshukuru Mungu. Mimi sikupiga."

Upepo ulipita juu ya vichanja. Victor alimgeukia Lidia, tabasamu bado limeng'ang'ania usoni kama mgeni asiyejua kwamba amefukuzwa. Alikuwa akingoja aseme kwamba shangazi amechanganya mambo. Lidia alijua anangoja hilo.

"Lidia?"

Lidia alitazama chini.

"Mimi naenda jikoni," Mama Hildegardi alisema. "Nilichokuwa nacho nimekitoa. Mwanangu mkubwa Hamphrey alikwenda Msumbiji kwenye machimbo, akasema mama, Krismasi niko hapa. Hakusema Krismasi ya mwaka gani. Sitaki kungoja mtu mwingine."

Akaondoka, kanga yake ikigusa majani ya migomba.

Walibaki wawili. Chini yao mteremko ulishuka na mashimo ya ngoro ya kuzuia maji yasibebe udongo, yamepangwa safu kwa safu, mahindi yameshavunwa, mabua yamelazwa. Victor alichukua reki, akaanza kugeuza kahawa iliyokuwa imegeuzwa muda si mrefu.

"Ni kweli?"

"Shangazi anaongea sana."

"Sikukuuliza habari za shangazi."

Lidia alisogea karibu na kichanja. "Yule bwana aliniambia hivyo. Ndiyo. Mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kumi na moja mimi nilikuwa nimeshakuambia nakupenda."

"Najua."

"Ukaniambia ningoje. Nikangoja. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, nikawa napita kwenye meza yako sokoni unaniuliza habari za mvua." Reki ilikwaruza mkeka. "Mwezi wa pili ukaniita mwenyewe. Ukasema, Victor, nimekubali. Mimi nilimpelekea padri jogoo wa shukrani, Lidia. Nilisimama mbele ya kanisa zima na jogoo mkononi."

"Victor..."

"Nikuulize kitu kimoja tu. Siku ile uliposema ndiyo, ulikuwa unanijibu mimi, au ulikuwa unawajibu watu wa viza?"

Lidia aliona jibu jepesi likiwa karibu kabisa, kama tunda lililoinama. Angesema, wewe, Victor, wewe siku zote. Victor angeamini, maana alitaka kuamini. Shingo yake yote ilikuwa imenyoshwa kulipokea neno hilo. Lakini Lidia alikuwa amewadanganya watu wengi kwenye madirisha ya vioo. Alikuwa amesema ni mtalii, amesema ni mgonjwa, amesema anaondoka kesho. Huyu hakuwa dirisha.

"Siku ile niliwajibu wao," alisema.

Reki ikasimama.

Victor hakupayuka. Laiti angepayuka. Aliiegemeza reki kwenye nguzo polepole, kama kitu cha kuvunjika, akasimama ameshika ukingo wa kichanja, amempa mgongo.

"Na leo?" aliuliza bila kugeuka.

"Leo nakujibu wewe. Tangu mwezi wa tatu nakujibu wewe. Tangu babu yangu alipofariki, ukashuka Mbamba Bay bila kuitwa, ukachimba kaburi na vijana usiowajua mpaka viganja vikatoka malengelenge, halafu ukakaa nyuma kabisa kama mpita njia. Nilikuona umeficha mikono mfukoni usisalimiane na watu. Siku hiyo nilikupenda mpaka nikaogopa. Nilitaka kukuambia yote."

"Hukuniambia."

"Nilisema nikishampata mwanangu nitakuambia."

"Kwa hiyo picha za posa..." Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimuumiza Lidia kuliko machozi. "Mimi ndiye niliyekuchagulia zile picha za kuambatisha kwenye maombi ya viza. Nilikutafutia ile ambayo mama anacheka. Nilisema iweke hii, wataona tunapendana."

"Na walikuwa wanaona kweli. Wakati ule nilikuwa nimeshakupenda."

"Nitajuaje, Lidia?"

"Ningeweza kukudanganya sasa hivi. Sikukudanganya."

"Hujanidanganya kwa sababu mama amekuumbua."

Lidia akaokota punje moja ya kahawa chini, akairudisha kichanjani.

Victor alikaa juu ya gogo, akasugua uso kwa viganja. Aliponyanyua kichwa sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kuomba, na Lidia alitamani awe amebaki na hasira.

"Basi baki. Kama ni mimi kweli, usiende. Tufunge ndoa mwezi wa tisa kama padri alivyoandika. Mwakani tutakwenda wote wawili, mume na mke, tumchukue mtoto."

"Viza ina tarehe yake ya kuingia. Ikipita imekufa."

"Utaomba nyingine."

"Mimi? Na historia yangu? Hii yenyewe wamenipa kwa sababu..."

"Kwa sababu yangu."

"Ndiyo. Kwa sababu yako."

"Na huko utalala wapi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikwepa tangu mwezi wa tano. "Kwa Nicholaus. Ndiye aliyeandika mwaliko."

"Ndani ya nyumba yake."

"Ana mwanamke wake, Victor. Nimeongea naye kwenye simu. Mimi nakwenda kwa mtoto. Mtoto ana miaka saba. Mara ya mwisho nilipomshika alikuwa na homa, akanishika kidole hataki kukiachia, nikakitoa kwa nguvu. Kila usiku nakitoa kile kidole. Unataka nikuambie nini? Niseme nakupenda wewe kuliko yeye? Hilo sitalisema."

"Sikuambii umpende kidogo."

"Unaniambia nisiende."

"Nakuambia naogopa." Victor alisimama. "Walikupa miezi mitatu, ukakaa mwaka na nusu. Wakakupa miezi mitatu tena, ukakaa miaka minne. Sasa na mimi unaniambia miezi mitatu. Ukishamkumbatia yule mtoto, ukishalala naye wiki moja, atakushika kidole. Utakitoa tena?"

Lidia alifungua mdomo. Alitaka kusema nitakitoa, akajikuta amekifumbata kidole chake mwenyewe.

"Waliokaa nyuma ya vioo kule Dar wameniamini," alisema mwishowe, na uchungu ukamtoka pamoja na maneno. "Wana kompyuta yenye makosa yangu yote, mwaka kwa mwaka, na wameniamini. Wewe uliyekula sahani moja na mimi umeshindwa."

"Wao wamekuamini kwa picha yangu," Victor alisema. "Mimi nikuamini kwa picha ya nani?"

Kutoka jikoni moshi ulitoka taratibu kupitia bati. Mama Hildegardi hakuwa akiimba kama kawaida yake. Lidia alijifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Nipeleke stendi," alisema. "Gari la mwisho la kushuka Mbamba Bay halijaondoka."

Safari ile hakumshika kiuno. Alishika chuma cha nyuma ya kiti, baridi ikamla vidole, na Victor hakupiga honi hata mara moja. Stendi alimshusha, akamtafutia siti ya dirishani kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miezi tisa, akaweka mfuko wake miguuni. Kisha akasimama chini, mkono kwenye ubavu wa gari.

"Nikirudi utanipokea?" Lidia alimwuliza kupitia dirishani.

"Rudi kwanza."

Mzee Elias hakuwa mtu wa maneno mengi. Lidia alimsimulia yote siku ya pili, wakimenya mihogo nje ya nyumba, ziwa limetulia mbele yao mpaka milima ya ng'ambo ikaonekana kama imechorwa kwa mkaa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa mtoto nenda," alisema. "Mtoto haulizwi mara mbili. Lakini yule Mmatengo alimchimbia baba yangu kaburi. Usimwache akining'inia."

"Hapokei simu, baba."

"Piga tena."

Alipiga tena. Alipiga asubuhi, alipiga jioni, alipiga Jumapili baada ya ibada akijua Victor naye ametoka misa. Alimwandikia ujumbe mrefu akaufuta, akaandika mfupi: Nitarudi. Naomba uniamini. Alama zikaonyesha kwamba umesomwa. Jibu halikuja. Shangazi Ephrasia, asiyejua alichokifanya, alimpikia kuku wa safari na kumwambia amsalimie mkwe wao Victor. Lidia akaitikia, "Nitamsalimia, shangazi," akala huku akiitazama simu.

Mwisho wa mwezi akaondoka.

Uwanja wa ndege wa Johannesburg ulikuwa unanukia vile vile, sabuni na kahawa ya mashine. Afisa alipoiweka paspoti kwenye mashine, Lidia aliona uso wake ukibadilika, akajua jina lake limefungua lile faili. Hakushangaa alipoambiwa asogee pembeni. Walimpeleka kwenye chumba kidogo, akakalishwa mbele ya mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyesoma faili ukurasa kwa ukurasa.

"Umewahi kuwa hapa," yule mama alisema kwa Kiingereza.

"Ndiyo, mama." Kiingereza cha saluni kilimrudia kwa shida.

"Mara mbili. Na mara zote mbili ulituaga baada ya miaka."

"Ndiyo. Nilikosa. Nimemaliza adhabu."

"Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni, dada. Kuingia naamua mimi. Kwa nini safari hii utaondoka?"

Lidia alikuwa amejifunza jibu kwa mwezi mzima. "Nina mchumba nyumbani. Anaitwa Victor. Tutafunga ndoa."

Yule mama alitazama karatasi, akaweka kidole kwenye mstari. "Hii ndiyo namba yake?"

Lidia aliinama kuitazama. "Ndiyo."

Afisa akavuta simu ya mezani, akabonyeza tarakimu, akaiweka kwenye spika. Simu iliita. Ikaita. Lidia aliitazama kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji. Wiki tatu nzima alikuwa amepiga namba ile bila kujibiwa. Sasa iliita kutoka nchi nyingine, namba ngeni, na Victor hakuwa mtu wa kupokea namba ngeni.

"Haloo?"

Nyuma ya sauti yake mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa ikinguruma, na jogoo mmoja aliwika. Kitura yote iliingia mle chumbani. Lidia akaziba mdomo kwa kiganja.

Afisa alijitambulisha, akasema anachokitaka, polepole, neno kwa neno. Mashine ikazimwa.

"Ndiyo," Victor alisema kwa Kiingereza chake cha sekondari, kilichokaa bila kutumika miaka mingi. "Namfahamu Lidia."

"Ni nani kwako?"

Lidia alisikia kwa mbali sauti ya Mama Hildegardi ikiuliza kwa Kimatengo ni nani huyo, na hakusikia Victor akimjibu. Alifumba macho. Akawaza, akisema si yeyote, nitarudishwa na ndege ya jioni, na mwanangu yuko nje ya kuta hizi, pengine anakula aiskrimu.

"Ni mchumba wangu," Victor alisema. "Tumeahidiana ndoa."

"Una hakika atarudi?"

"Atarudi."

"Umejuaje?"

"Mimi namjua," Victor alisema. "Msimzuie. Ana mtoto hapo."

Uso wa yule mama ukalegea. Alivua miwani, akamsukumia Lidia simu juu ya meza. "Msalimie. Mwambie umefika salama."

Lidia aliinama mpaka midomo yake ikakaribia kugusa simu. "Victor."

"Umesikia nilichowaambia?" Sasa aliongea Kiswahili.

"Nimesikia. Asante. Victor, asante sana, mimi sijui nikuambie..."

"Usinishukuru. Nimemwonea huruma mtoto. Miaka mitano bila mama inamtosha."

"Nitarudi. Mwezi wa kumi niko Mbinga, nitashuka stendi, nitakuja moja kwa moja..."

"Lidia." Aliliita jina lile kwa upole ule ule wa sokoni, wa siku za dagaa, na kwa nusu pumzi Lidia alidhani amesamehewa. "Ukirudi, nenda kwa baba yako. Kitura usipande. Nimemwambia mama, na padri nimeshamwambia."

Akakata.

Yule mama, asiyejua neno la Kiswahili hata moja, alikuwa akitabasamu. Aligonga muhuri kwenye paspoti, akaandika tarehe, akaipuliza wino ukauke.

"Ana sauti nzuri, mwanaume wako," alisema. "Safari hii usimcheleweshe."

"Ndiyo, mama."

Lidia alivuta sanduku lake mpaka chooni, akanawa uso mara mbili, akajipaka mafuta, akafunga kilemba upya mbele ya kioo. Mtoto aliyekuwa nje hakupaswa kuyaona machozi haya, maana hakuliliwa yeye. Kisha akatoka kwenye mlango mkubwa uliofunguka wenyewe.

Nicholaus alikuwa amenenepa. Alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha chuma, na kando yake alisimama msichana mrefu, miguu myembamba kama ya marehemu bibi yake, mikono mfukoni mwa jaketi la njano. Lidia aliacha sanduku pale lilipokuwa, akapiga magoti sakafuni, akafungua mikono.

Glorious hakukimbia. Alimtazama baba yake, naye akamsukuma kidogo begani. Akaja kwa hatua za adabu, akaingia kwenye ile mikono, akakubali kukumbatiwa, mgongo wake ukiwa umenyooka. Nywele zake zilinukia mafuta ya mtu mwingine. Lidia alimshika mpaka akahisi mtoto anaanza kukosa pumzi, akamwachia.

"Wewe ndiye mama wa Tanzania?" Glorious aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndiye mimi, mwanangu."

Mtoto alifikiri kidogo, akimkagua kilemba, hereni, macho mekundu.

"Utakaa hapa muda gani?"

"Miezi mitatu," Lidia alisema.

Glorious aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa bei aliyokuwa akiitarajia. Kisha akarudi upande wa baba yake, akamshika mkono, wakatangulia kwenda kwenye gari.